GPA ya 5.0 kwenda skeli za nje: njia tano za kubadilisha, na ipi inamfaa nani

Fomu ya chuo cha nje imekufikisha kwenye kiboksi cha GPA (wastani wa pointi za masomo yako), wanataka namba ya kwenye 4.0, wewe transkripti yako inasema 3.5 kwenye 5.0. Ukiuliza kwenye grupu la skolashipu majibu yatamiminika: gawa kwa tano zidisha kwa nne, lipia WES (taasisi ya kutathmini vyeti), andika ilivyo usiguse kitu. Na kila anayejibu anaapa ndivyo alivyofanya yeye na akapata. Inawezekana kabisa wote wanasema kweli, maana mmoja aliomba Marekani, mwingine Ujerumani, wa tatu Uingereza, na kila sehemu anayesoma fomu ana utaratibu wake.

Kwa hiyo nimeziweka njia tano hapa, zote nazipitisha kwenye maswali yaleyale. Mifano mingi ni ya Tanzania lakini Wakenya na Waganda mmo pia, tena mkikaa pamoja kwenye hesabu moja ndio utamu unapoanza.

Kabla ya kwenda nje, tuangalie nyumbani

Chukua maksi 70 kwenye karatasi moja. Dar 70 ni A, pointi 5. Nairobi 70 nayo ni A, ila vyuo vingi vya Kenya havihangaiki na pointi, vinachukua wastani wa maksi zenyewe, na wastani wa 70 ndio mlango wa fest klasi, daraja la juu kabisa la digrii. Makerere 70 ni B, pointi 4.0, A yao inaanzia 80. Maksi zilezile, nchi tatu za jirani, na hatujafika hata uwanja wa ndege.

Madaraja nayo hivyohivyo. Tanzania fest klasi ni 4.4 hadi 5.0, apa sekondi 3.5 hadi 4.3, loa sekondi 2.7 hadi 3.4, pasi 2.0 hadi 2.6. Makerere wana 4.40 kwa fest, 3.60 kwa apa, 2.80 kwa loa. Kenya ni 70, 60, 50 na 40, kama Uingereza walikoitoa. Ndiyo maana mtu akikwambia "nina 3.5" hajakwambia kitu mpaka aseme ya wapi, kwa Tanzania hiyo ni apa sekondi, kwa Makerere ni loa.

Maswali ya kuuliza kila njia

Nimechukua manne. Anayesoma fomu anaikubali? Inazitendea vipi maksi zako, inakuinua, inakushusha au inakuacha palepale? Hela na muda kiasi gani? Na ukikosea, unaumia wapi? Hilo la kwanza ndilo zito kuliko mengine yote, njia nzuri ambayo ofisi ya admisheni haiitambui ni kazi bure.

Njia ya 1: uwiano, gawa kwa 5 zidisha kwa 4

Hii kila mtu anaijua. 3.5 gawa kwa 5 zidisha kwa 4 unapata 2.8. Basi.

Anayeikubali: zipo fomu zinazotaka namba tu kwa ajili ya kuchuja mwanzoni, na waajiri wanaouliza GPA bila kujali sana ilivyopatikana. Ofisi ya admisheni inayojua kazi yake haitaitumia kukuamulia.

Inavyozitendea maksi zako: vibaya, na hili watu wengi hawalioni. Programu nyingi za masta Marekani zinataka 3.0. Kwa uwiano, ili ufike 3.0 unahitaji 3.75 ya kwetu, yaani kwenye transkripti yenye desimali moja uwe na 3.8. Wenye apa sekondi ya 3.5, 3.6 na 3.7 wote wanaangukia nje ya geti. Angalia na chini kabisa, pasi yetu ya 2.0 inakuwa 1.6, wakati huko Marekani C ya kawaida kabisa ni 2.0. Uwiano unachukulia kwamba hatua kutoka B kwenda B+ ya kwetu ina urefu uleule wa hatua ya kwao, na haina, sisi tunaruka pointi nzima, wao wanaruka 0.3.

Hela na muda: bure, sekunde kumi.

Hatari: unajichuja mwenyewe kabla hujachujwa. Kuna watu wameacha kuomba vyuo kwa sababu ya hii 2.8 ya kwenye kalkuleta ya simu.

Inamfaa: mwenye fest klasi anayetaka picha ya harakaharaka, 4.4 inatoa 3.52 na haimuumizi. Pia fomu inayosema yenyewe kwa maandishi kwamba utumie uwiano, hapo huna mjadala, tumia.

Njia ya 2: kozi kwa kozi, herufi kwa herufi

Hapa hubadilishi namba ya mwisho. Unarudi kwenye transkripti, unachukua kila kozi na krediti zake (uzito wa kozi), unaipa herufi pointi ya Marekani, halafu unapiga wastani upya.

Tuseme mtu ana kozi kumi zenye krediti sawa: A moja, B+ nne, B nne, C moja. Kwa pointi zetu ni 5 jumlisha 16 jumlisha 12 jumlisha 2, jumla 35, GPA 3.5. Sasa zipe herufi zilezile pointi za Kimarekani za kawaida, A 4.0, B+ 3.3, B 3.0, C 2.0. Unapata 4 jumlisha 13.2 jumlisha 12 jumlisha 2, jumla 31.2, GPA 3.12. Mtu yuleyule, transkripti ileile, njia ya kwanza ilimpa 2.8 na ikamweka nje, hii imempa 3.12 na yuko ndani.

Anayeikubali: baadhi ya programu zinakuomba ujaze jedwali la kozi mwenyewe, hapo ndio mahali pake. Vikokotoo vya mtandaoni vya nchi kwa nchi kama cha Scholaro navyo vinafuata mtindo huu. Ila jibu lake si rasmi, ni makadirio.

Inavyozitendea maksi zako: kwa mfumo wetu wa A kuwa 70, mara nyingi inakuinua. Na kuna kitu kidogo, chuo kinachokata desimali bila kukadiria juu, mwenye 3.48 ameandikiwa 3.4 na kuitwa loa sekondi, ukipiga upya kozi kwa kozi zile senti zilizokatwa zinarudi. Kwa Makerere mambo ni tofauti, pale B yao ni 70 na A ni 80, ngazi zao zipo karibukaribu, kwa hiyo haina miujiza sana.

Hela na muda: bure pia, ila tenga jioni nzima, miaka mitatu au minne ya kozi si mchezo, na krediti usizikosee. Kozi uliyorudia au uliyofanya supu (mtihani wa marudio) iandike kama ilivyo kwenye transkripti.

Hatari: kishawishi. Hakuna anayekushika mkono usiipe B+ yako 3.7. Ukifanya hivyo halafu wao wakapiga yao wakapata chini, hutasemekana umekosea hesabu, utasemekana umedanganya.

Inamfaa: anayetaka kujua kwa ukweli anasimama wapi kabla ya kutoa hela za maombi, na anayeombwa jedwali la kozi.

Njia ya 3: fomula ya Bavaria, kwa wanaoangalia Ujerumani

Ujerumani skeli inakwenda kinyume, 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo pasi ya mwisho, 5.0 umefeli. Sasa fomula, yenye jina la jimbo la Bavaria la hukohuko: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako utoe alama yako, gawa kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1.

Inaonekana ndefu lakini kwa Mtanzania inajifupisha yenyewe. Juu ni 5.0, pasi ni 2.0, tofauti ni 3, na hiyo 3 ya chini inakatana na 3 ya kuzidisha. Kinachobaki ni 6 toa GPA yako. Una 3.8, ni 2.2. Una 4.4, ni 1.6. Una 3.5, ni 2.5. Mganda wa Makerere naye hivyohivyo, maana juu na chini yake ni 5 na 2.

Na namba zinavyoangukia inafurahisha. Wajerumani wanaita 1.6 hadi 2.5 "gut", nzuri, na apa sekondi yetu nzima kuanzia 3.5 hadi 4.3 inaingia humo humo bila kumwagika, 2.5 hadi 1.7. Loa sekondi inaangukia daraja linalofuata. Fest ya kuanzia 4.5 inapanda daraja la juu kabisa, mwenye 4.4 anabaki kwenye "gut" kwa nukta moja, pole yake.

Anayeikubali: hii ni rasmi. uni-assist, wanaopokea maombi ya wanafunzi wa nje kwa niaba ya vyuo vingi vya Ujerumani, wanaitumia, na vyuo vyenyewe pia. Programu nyingi za masta kule zinataka 2.5 au bora zaidi, kwa hiyo kwa Mtanzania ni kama wanasema apa sekondi bila kuitaja.

Inavyozitendea maksi zako: Mtanzania asante, Mkenya pole. Mkenya mwenye wastani wa 65, apa sekondi safi, ukiweka 100 juu na 40 chini anapata 1 jumlisha 3 mara 35 gawa kwa 60, yaani 2.75. Nje. Mwenye fest klasi ya 70 kamili anapata 2.5, sawasawa na Mtanzania wa apa sekondi ya chini kabisa. Wakati huohuo Mtanzania aliyepata 65 kwenye kila somo ana B+ tupu, GPA 4.0, anatoka na 2.0. Fomula haijui kwamba Nairobi hakuna mtu anayemaliza na wastani wa 100, na haijui kwamba 5.0 ya Dar inapatikana kwa 70. Inaona juu na chini tu. Kwa hiyo Mkenya swali lako la kwanza kwa chuo liwe hili, kwenye hesabu yenu kilele cha mfumo wangu mmeweka ngapi?

Hela na muda: kupiga mwenyewe bure. Kupitia uni-assist ni euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata kwenye msimu huohuo.

Hatari: alama ya chini. Mtu anaweka 0 badala ya 2.0, ile 3.8 yake inageuka 1.72 na anaanza kununua koti la baridi. Pasi ni ile ya kuhitimu, 2.0, sio sifuri.

Inamfaa: anayeomba Ujerumani. Kwingine ukiitaja watakuuliza Bavaria ni nini.

Njia ya 4: kulipia taasisi ya tathmini

WES ndiyo maarufu mtaani kwetu, ipo tangu 1974, lakini si peke yake, ECE ya Milwaukee nayo ipo tangu 1980, na kuna umoja wao Marekani unaitwa NACES, vyuo vingi vikisema "tathmini ya taasisi inayotambulika" wanamaanisha mwanachama wa huo umoja.

Anayeikubali: Marekani na Canada kwa upana, vyuo, bodi za taaluma kama uuguzi na uhasibu, na uhamiaji. Hapa simama kidogo, kuna ripoti za aina mbili na watu wanachanganya. Ile ya nyaraka tu inasema digrii yako ni sawa na digrii ya huko, haina GPA. Ile ya kozi kwa kozi ndiyo inaorodhesha kila somo na kukupa GPA ya 4.0. Ukinunua ya kwanza wakati chuo kinataka ya pili, umetoa hela na bado huna kitu. Na kwa Canada kuna ya uhamiaji, ECA, inayodumu miaka mitano, na kule kwenye Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji kwa pointi, wanatoa pointi kwa kiwango cha elimu, sio kwa GPA. Mwenye pasi na mwenye fest klasi wa digrii ileile wanapata pointi sawa za elimu. Ukishajua hivyo acha kukesha na vikokotoo.

Inavyozitendea maksi zako: kama njia ya 2, ila jedwali la kubadilisha ni lao, hujui kabla wataipa B+ yako nini. Kwa mifumo kama yetu wanaelewa kwamba 70 si C ya Kimarekani, na hilo ndilo unalolilipia hasa.

Hela na muda: ya kozi kwa kozi inazidi dola 150, weka na gharama za kutuma. Muda wao wenyewe si mbaya wakishapata nyaraka zote, kazi ipo kwenye transkripti kutoka chuoni kwako, maana inabidi chuo kitume chenyewe moja kwa moja, kwa bahasha iliyofungwa na kugongwa mhuri au kwa mfumo. Aliyewahi kufuatilia transkripti kwenye ofisi ya msajili kipindi cha mahafali haelezwi zaidi.

Hatari: kulipia kitu ambacho hukuombwa. Vyuo vingi vya Marekani vina watu wao wa kusoma transkripti za nje na hawataki ripoti ya mtu mwingine.

Inamfaa: anayehamia, anayetaka leseni ya taaluma, anayehamisha krediti katikati ya digrii, na anayeomba chuo kilichoandika kwamba tathmini ni lazima.

Njia ya 5: usibadilishe kitu

Watu wanaidharau hii kwa sababu haina hesabu. Unaandika 3.5, kwenye kiboksi cha pili cha skeli unaandika 5.0, unaambatanisha transkripti pamoja na ule ukurasa wa nyuma wenye ufunguo wa alama, wenye A 70 hadi 100 na kuendelea. Ule ukurasa watu wanausahau wakiskani, wanaskani mbele tu, halafu msomaji wa Ohio anaona maksi 68 na kudhani ni D.

Anayeikubali: wengi kuliko unavyofikiri. Vyuo kibao vya Marekani vinasema wazi andika GPA kama ilivyo kwenye transkripti, usibadilishe. Uingereza ndio kabisa, kule wanaulizia daraja, na vyuo vina kurasa za kila nchi zinazosema kwa Tanzania tunataka GPA kadhaa, kwa Kenya daraja fulani. Skolashipu za Uingereza za Chevening na Commonwealth zinazungumzia apa sekondi, jina ambalo cheti chako tayari linalo. Ile barua ya UK ENIC, ofisi ya Uingereza ya kutambua vyeti vya nje, yenyewe inalinganisha kiwango cha cheti, haibadilishi alama zako.

Inavyozitendea maksi zako: inaziacha palepale, lakini inategemea msomaji anajua kusoma. Hapo unaweza kumsaidia kwa barua ya nafasi darasani. Ulaya waliwahi kuwa na herufi za ECTS (mfumo wao wa pamoja wa krediti) zilizofuata nafasi, asilimia 10 ya juu ya waliofaulu wanapata A, 25 wanaofuata B, 30 C, 25 D, 10 wa mwisho E. Mwaka 2009 wakahamia kwenye majedwali yanayoonyesha wangapi hupata kila alama, lakini wazo ni lilelile: 3.9 peke yake haisemi kitu, 3.9 iliyo ya tatu kati ya wanafunzi 120 inasema. Kama kozi yenu ilikuwa ya kubana, ile ambayo nusu ya darasa walikuwa wanapambana wasidisko (wasiondolewe chuo kwa kufeli), mwombe mkuu wa idara aiandike hiyo nafasi au mhadhiri aitaje kwenye barua ya mapendekezo. Mkenya wa njia ya 3 hapo juu, hii inakuhusu sana.

Hela na muda: bei ya transkripti na kufuatilia barua.

Hatari: fomu isiyoruhusu namba zaidi ya 4.0. Waandikie barua pepe uulize, usiendelee kubahatisha.

Inamfaa: anayeomba Uingereza, chuo chochote chenye kiboksi cha skeli, na kwenye CV popote pale. Kwenye CV andika "3.8/5.0, apa sekondi" na inatosha.

Kwa wanaorudi

Ukitoka nje na cheti, hesabu zako hazina nguvu kabisa, ni ofisi inayoamua. Tanzania digrii inakwenda TCU (tume ya vyuo vikuu), vyeti vya sekondari vya nje vinakwenda NECTA (baraza la mitihani). Kenya digrii ni CUE, tume yao ya vyuo vikuu, na sekondari ni KNEC, baraza lao la mitihani. Uganda digrii ni NCHE, baraza lao la elimu ya juu. Na msijaribu kuoanisha sekondari wenyewe, Kenya A ni pointi 12 na unatafuta nyingi, Tanzania A ni pointi 1 na divisheni wani ni pointi 7 hadi 17, unatafuta chache. Mtoto mwenye "pointi 7" ni shujaa Arusha, ukivuka Namanga wanampa pole.

Sasa wewe uko wapi?

Kama ni Marekani na fomu ina kiboksi cha skeli, njia ya 5, na piga ya 2 pembeni ujue unasimama wapi. Kama fomu inadai 4.0 tu bila kueleza, uliza kwanza, wakisema kadiria tumia ya 2 na useme umetumia jedwali gani. Kama chuo kimeandika tathmini ni lazima, njia ya 4, ripoti ya kozi kwa kozi, na anza na msajili wa chuo chako kabla hujafungua akaunti.

Ujerumani, njia ya 3. Mtanzania mwenye 3.5 kwenda juu omba kwa amani. Mwenye 3.4 tafuta programu zisizoweka kikomo cha 2.5, zipo. Mkenya uliza habari ya kilele na utafute barua ya nafasi.

Uingereza, njia ya 5, nenda kwenye ukurasa wa nchi yako. Canada kwa kuhamia, ECA, na GPA isahau. Canada kwa kusoma, rudi juu usome kama Marekani.

Na kama dedilaini ni wiki ijayo na transkripti bado haijatoka, njia ya 4 haipo tena kwenye meza. Andika ilivyo, skani mbele na nyuma, na uwaulize kama watapokea ya bahasha baadaye.